Tupeane uzoefu: wana Tanga mliokulia kando ya reli, stesheni yenu ilikuwaje na treni iliwaacha vipi?

Wakuu habari za jioni. Jana nimepita Muheza pale stesheni nikasimama kama dakika kumi hivi, nyasi zimepanda hadi mlangoni, nikasema hapana, hii habari tuiandike sie wenyewe kabla wazee hawajatuishia. Ntaanza mimi.

Bimkubwa alikuwa anauza machungwa dirishani kwa treni. Sie watoto kazi yetu kumenya, unatoa ganda la kijani tu unaacha weupe, unakata kikofia juu, unapanga kwenye beseni. Treni ikisimama anatembea dirisha hadi dirisha beseni kichwani, abiria ananyoosha mkono anachukua manne, anaanza kutafuta hela mfukoni, mara honi imelia treni inaondoka, bimkubwa anakimbia nayo sambamba, basi wengi walirusha ile hela chini kwenye kokoto sie tunaokota. Wachache sana walikwenda na machungwa yetu. Miaka ya 90 treni ya abiria ilipokoma hakuna aliyekuja kututangazia, tulikaa na beseni mpaka giza, kesho yake tukaenda tena. Ada yangu ya shule ilitoka kwenye yale madirisha ndo maana inaniuma mpaka leo.

Na mtu asidhani hii ni reli ya pembeni. Ndo ya kwanza Tanganyika nzima, Wajerumani waliianzia hapa Tanga 1893, ikafika Muheza 1896 kampuni ikaishiwa pesa, 1899 serikali yao ikaichukua, Korogwe ikaingia 1902, Mombo 1905, Moshi 1911. Arusha aliifikisha Mwingereza 1929. Haya, karibuni.

Wa Korogwe: Mkuu umenigusa. Mzee wangu alikuwa kwenye gengi ya reli. Asubuhi wanatoka na trole, spana ndefu begani, wanakagua taruma moja moja, yale magogo au vyuma vinavyolazwa chini ya reli, anagonga na nyundo halafu anasikiliza, ikilia kama mkebe anajua pale pamelegea anaita wenzake. Yeye anavyosema reli iliugua kwanza mkonge ulipoanguka bei, dunia imehamia kamba za nailoni, mzigo wa kushusha bandarini ukapungua, malori na mabasi nayo yakachukua kilichobaki, halafu gengi ikapunguzwa watu na reli bila gengi haikai, mvua mbili tu majani yanaifunika. 2019 treni ya Dar kwenda Moshi iliporudi alivaa kanzu nyeupe akaenda kuiangalia. Hakuwa na safari, alisimama tu anaangalia magurudumu.

Wa Tanga mjini: Hapo ndo pananiuma mimi, hiyo treni imepita Korogwe kwa ile njia ya Ruvu hadi Mruazi iliyofunguliwa 1963 kuunganisha reli ya Dar na hii yetu, inaingilia kati ya Muheza na Korogwe bila kufika Tanga, sie ambao reli ilianzia mlangoni kwetu ikatuacha huku na bandari yetu.

Wa Tengeni: Kuna kareli kingine hamjakitaja jamani, kembamba, upana sentimita 75 tu, kalitoka hapa Tengeni kakapanda Sigi kufuata magogo ya Usambara, kalimalizika 1910. Nimezaliwa kameshang'olewa zamani. Babu ndo alituonyesha, ile njia yetu ya kwenda kuchota maji inavyopanda polepole na kukata kona kubwa kubwa, akasema mguu wa mtu hauchongi njia hivi, hapa palilazwa chuma.

Wa Pongwe: Mleta mada, bimkubwa yupo?

Wa Muheza: Yupo mkuu, macho tu ndo yamepungua. Nilipomwambia nimetoka stesheni hakuuliza habari ya treni, ameuliza ule mwembe waliokuwa wanapumzika chini yake kama bado upo. Upo. Wa Ngomeni na Mnyusi mko wapi, shusheni na nyie.