Mguu mmoja umevimba, ultrasaundi iko mbali: mnapimaje uwezekano wa DVT (damu kuganda kwenye mshipa wa ndani wa mguu)?

Tabibu_Kituoni
Habari za kazi, wadau. Niko kituo cha afya, ultrasaundi ipo hospitali ya wilaya, mwendo wa saa tatu. Maabara ina D-dimer ya haraka (kipimo cha damu cha mabaki ya damu iliyoganda). Mtu akija na mguu mmoja umevimba, naanza na kipimo au na alama za Wells (orodha ya kukadiria uwezekano wa DVT)? Na mjamzito je?

Mzee wa Wodi
Alama kwanza, mkuu. Ukianza na D-dimer utajikuta unatoa rufaa kwa kila mwenye jipu.

Alama moja moja kwa: saratani inayoendelea; mguu uliopooza au uliofungwa POP (plasta ngumu) karibuni; kulala kitandani siku 3 au zaidi, au upasuaji mkubwa ndani ya wiki 12; maumivu ukibonyeza kufuata njia ya mshipa wa ndani; mguu mzima kuvimba; kigimbi kuzidi cha pili kwa sm 3 au zaidi; uvimbe unaobonyea mguu huo tu; mishipa ya juu ya ngozi iliyojitokeza (siyo varikosi, yaani mishipa iliyovimba na kujipinda); DVT iliyothibitishwa zamani. Toa 2 kama kuna ugonjwa mwingine unaoweza kuleta hali hiyo kwa kiwango kilekile au zaidi. Jumla 2 na kuendelea, DVT inaelekea ipo. 1 au chini, haielekei.

Kigimbi kipime kwa futi kamba, usikadirie kwa macho. Tafuta kinundu cha mfupa chini ya goti, shuka sm 10, weka alama ya kalamu miguu yote miwili, ndipo uzungushe futi bila kukaza. Kuhusu kukunja unyayo juu ili kuona kama kigimbi kinauma, achana nako, hakutofautishi kitu.

Hiyo -2 ndiyo inayowaponza watu. Usiitoe kwa "labda ni selulaitisi" (maambukizi ya ngozi). Tafuta homa, joto la ngozi, kidonda cha kuingilia, jipu la ndani ya msuli, matende kwa watu wa pwani. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, hivyo tegemea mkono wako.

Maabara_Tanga
Naongezea kwenye kipimo. D-dimer kazi yake ni kuondoa, siyo kuthibitisha. Wells 1 au chini na D-dimer hasi: DVT weka pembeni, tafuta sababu nyingine. Wells 2 na zaidi: hasi isikutulize, mgonjwa aende ultrasaundi. D-dimer hupanda pia kwa maambukizi, saratani, ujauzito, upasuaji, uzee.

Soma uniti ya majibu, FEU au DDU, kwenye boksi la kiti (seti ya kupimia). Kikomo cha 500 ng/ml ni kwa FEU. Kiti kinachotoa DDU kikomo chake ni takriban nusu ya hapo. Watu huchanganya hapa kila siku. Aliyezidi miaka 50 unaweza kuzidisha umri mara 10 (miaka 70 ni 700 FEU), lakini kwa kiti kinachotoa namba tu. Kinachoonyesha mstari tu hakifai kwa hilo.

Tena, utafiti wa Uholanzi wa 2005 ulionyesha Wells inakosa kuwagundua wagonjwa wengi zaidi huku ngazi ya msingi kuliko hospitalini. Kwa hiyo hata ukimrudisha nyumbani, mpe tarehe ya kurudi na mweleze dalili za hatari.

Dkt. wa Zamu
Mjamzito: Wells haikutengenezwa kwa ajili yake. Ukishuku, rufaa moja kwa moja, hasa mguu wa kushoto. Maumivu yanaweza kuwa tumboni chini au kiunoni, kigimbi kikawa cha kawaida.

Mwenye Wells 2 na zaidi ambaye ultrasaundi haipatikani ndani ya saa 4, anza dawa ya kuzuia damu kuganda kabla hajaondoka, kama hana hatari ya kutoka damu. Enoksaparini mg 1 kwa kilo kila saa 12 chini ya ngozi. Mpime uzito, usibahatishe. Figo zikiwa mbaya (kreatinini kliaransi, yaani kiwango cha figo kusafisha damu, chini ya 30), mara moja kwa siku. Rivaroksabani (kidonge) ni mg 15 mara mbili kila siku, kwa siku 21, pamoja na chakula, ila siyo kwa mjamzito wala anayetumia rifampisini (dawa ya TB), maana rifampisini huishusha kwenye damu.

Akiwa anahema kwa shida, ana maumivu ya kifua au amezirai, huenda damu iliyoganda imefika mapafuni; hesabu za alama ziishie hapo. Oksijeni kama imeshuka, mstari wa dripu, gari liondoke.

Kwenye fomu ya rufaa andika vipimo vya vigimbi vyote viwili, alama zilizopatikana, na saa uliyochoma dozi. Ultrasaundi ikiwa hasi na Wells ilikuwa 2 au zaidi, pima D-dimer. D-dimer ikiwa chanya, simamisha dawa na ultrasaundi irudiwe baada ya siku 6 hadi 8.