Tupeane uzoefu: ulimpataje wakili wa kusimamia ununuzi au uuzaji wa nyumba yako?

Wakuu, habari za muda huu.

Mimi na mke wangu tuko mbioni kununua nyumba Goba, Dar es Salaam. Nyumba tumeipenda, bei tumeelewana, na mwenye nyumba ni mtu mzima anayeheshimika mtaani. Kinachoninyima usingizi ni suala la wakili. Dalali ana wakili wake, muuzaji naye ana wake, na wote wawili wananiambia mmoja atatutosha, tugawane tu gharama. Moyo wangu unakataa. Ni akiba yetu ya miaka mingi na mkopo wa kazini juu yake.

Naomba tupeane uzoefu wa kweli. Ulimpata wapi wakili wako, ulimpima vipi kabla ya kumkabidhi kazi, na alikufanyia nini ambacho peke yako usingekiweza? Waliouza nao waseme, maana muuzaji pia huumia. Majina ya watu na ya ofisi tuyaache.

*

MWANA TABATA

Mkuu, usikubali wakili mmoja. Siku mkivutana na muuzaji, huyo wakili atasimama upande gani?

Mimi nilipewa jina na mwenzangu kazini ambaye hati ilikuwa imeshatoka kwa jina lake. Kipimo changu ni hicho. Watu wengi humsifia wakili aliyewaandikia mkataba wa mauziano kwa haraka, lakini mkataba ukikaa kabatini bila uhamisho kusajiliwa, kwa msajili nyumba bado ni ya yule yule. Anayekupa jina la wakili muulize: hati yako imesoma jina lako? Akisema "bado inashughulikiwa" na ni miaka, tafuta jina lingine.

Wakili wangu hakuanza na mkataba. Alitaka nakala ya hati kwanza, akaomba upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati, yaani kuangalia kwenye daftari nyumba ni ya nani na kama inadaiwa. Majibu yakaonyesha nyumba ina rehani ya benki. Muuzaji alikuwa ameniambia mkopo "umebaki kidogo tu", ila kwenye daftari rehani ilikuwa hai kabisa. Ningelipa kienyeji, pesa ingeingia kwake na hati ingebaki benki, na akishindwa kumalizia deni, nyumba niliyoilipia ingepigwa mnada nikiwa ndani.

Wakili aliandika benki, wakatoa kiasi cha deni kwa maandishi. Makubaliano yakawa ya pande tatu: sehemu ya bei ilienda moja kwa moja kufuta deni, benki ikaachia hati pamoja na nyaraka ya kuondoa rehani, na muuzaji akamaliziwa chake baada ya kusaini fomu za uhamisho. Muuzaji hakuwa tapeli. Alikuwa amebanwa na ada za watoto na aliona aibu kusema deni lilivyo. Tulimaliza vizuri na mpaka leo tunasalimiana.

*

MLETA MADA

Asante sana mkuu. Huo upekuzi ulifanyika kabla ya kulipa chochote?

*

MWANA TABATA

Kabla ya shilingi ya kwanza. Na ukarudiwa karibu na siku ya kusaini, kwa sababu zuio au rehani mpya inaweza kuingia hapo katikati.

*

BINTI MZIGUA

Naongezea la kuhakiki wakili mwenyewe, maana vishoka wamejaa, hasa jirani na mahakama na ofisi za ardhi.

Mahakama ya Tanzania ina mfumo wa e-Wakili. Unaingiza jina, unaona kama mtu yumo kwenye orodha ya mawakili na kama anaruhusiwa kufanya kazi kwa sasa. Hilo la pili ndilo watu husahau. Leseni ya uwakili huhuishwa kila mwaka, kwa hiyo mtu anaweza kuwa wakili halali kabisa lakini mwaka huu hajahuisha, au amesimamishwa. Na aliyesoma sheria chuoni bado hajawa wakili mpaka aapishwe na kuandikishwa.

Mimi dalali alinipeleka kwenye ofisi yenye bango kubwa na viti vya ngozi. Nikiwa nasubiri kwenye benchi nikatafuta jina la bwana yule kwa simu. Halikuwepo. Nilimuuliza kwa heshima namba yake ya uwakili, akasema mihuri ni ya "bosi" ambaye amesafiri. Niliaga, na dalali alinuna mpaka kesho yake. Msiwaonee haya hawa watu, wapendwa. Wakili wa kweli huitaja namba yake bila kukunja uso.

*

MZEE WA KIHONDA

Vijana, mimi niliuza, hapa Morogoro. Nilidhani muuzaji hana haja ya wakili, kwani mwenye pesa ndiye mwenye hofu. Binti yangu akanisisitiza, na namshukuru.

Swali la kwanza wakili aliloniuliza: "Mzee, mama yuko wapi, na anajua?" Hati ilikuwa na jina langu peke yangu. Akanisomea Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, kwamba nyumba ya familia haiuzwi bila ridhaa ya mwenza, hata kama jina kwenye hati ni la mmoja. Mama akaitwa ofisini, akaelezwa bila mimi kuwepo chumbani, akasaini ridhaa yake mwenyewe. Hilo la kumweleza peke yake lilinigusa. Alikuwa anajua, lakini aliulizwa kama mtu mwenye haki.

Mleta mada, wewe ni mnunuzi, basi wakili wako adai ridhaa hiyo kwa muuzaji. Nyumba nyingi zinarudi mahakamani kwa mlango huo. La pili, muuzaji ndiye anayedaiwa kodi ya ongezeko la mtaji TRA. Wakili alinitafutia risiti za ujenzi na nyaraka za ununuzi wa kiwanja, kwa sababu kodi ni asilimia 10 ya faida, siyo ya bei yote, na ukishindwa kuonyesha ulitumia kiasi gani kuna utaratibu mwingine wa asilimia 3 ya bei au ya thamani iliyothibitishwa. Wenye nyumba za zamani, tunzeni risiti za saruji na mabati.

*

KIJANA WA KIBOSHO

Kwetu Moshi tatizo kubwa ni mirathi. Nyumba iko kwa jina la babu aliyefariki, anayeuza ni baba mdogo, na ukoo mzima umekaa kimya mpaka pesa ianze kutembea.

Wakili niliyemtumia ni wa hapa hapa mjini, na nilimchagua kwa sababu hiyo. Wa Dar alikuwa tayari kuandika mkataba kwa kuona barua ya usimamizi wa mirathi kutoka Mahakama ya Mwanzo. Wa hapa alienda mahakamani kukagua jalada akaona usimamizi ule ni halali, lakini kuna mtoto wa marehemu aliyeleta pingamizi ambalo halijaamuliwa. Tukasubiri, ukoo ukakaa, likaisha. Kisha akasema tusinunue mpaka msimamizi asajiliwe kwanza kwenye hati kama msimamizi wa mirathi, ndipo auze. Warithi wote watu wazima wakasaini kwamba wanajua na wanakubali. Ilichukua muda na nilichoka kweli, lakini leo hakuna mjukuu anayenigongea geti.

*

MWANAMOMBASA

Wenzangu wa Bara, niruhusuni nichangie kutoka Kenya, mambo yanafanana.

Huku kwetu kila upande una wakili wake. Wakili wa muuzaji huandika mkataba, wa mnunuzi huukagua, na asilimia 10 ya mwanzo kwa kawaida hushikwa na wakili wa muuzaji mpaka biashara ikamilike. Ushuru wa stempu mjini ni asilimia 4. Ukitaka kujua kama wakili yuko hai kwenye orodha, unamtafuta kwenye tovuti ya chama cha mawakili, LSK.

Lakini nataka niseme juu ya wakili wa mahali. Mombasa tuna jambo ambalo humshangaza mtu wa Nairobi: nyumba bila ardhi. Nyumba ni yako, umejenga au umerithi, ila ardhi iliyo chini yake ni ya mwingine, pengine ya familia ya zamani, pengine ya wakfu, nawe unalipa kodi ya ardhi. Mtaa wa Majengo nyumba hizo ziko tele. Dada yangu alikuwa anunue moja na wakili wa mbali aliyekuwa anataka kumfanyia kila kitu kama kiwanja cha kawaida. Tukaenda kwa mama mmoja wakili wa hapa, mtu wa Old Town. Akauliza: "Munanunua kuta au munanunua na ardhi?" Bei ikabadilika papo hapo, kwani muuzaji alikuwa akiuza kuta kwa bei ya ardhi. Dada akanunua kuta kwa bei ya kuta, na mwenye ardhi akatoa idhini yake kwa maandishi.

Na hata mukiona hati musitulie. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya Dina Management dhidi ya Kaunti ya Mombasa, juu ya kiwanja cha ufukweni Nyali. Kampuni ilikuwa na hati mkononi ikashindwa, kwa sababu ugawaji wa mwanzo kabisa haukufuata sheria. Tangu hapo wakili mzuri hukagua ardhi ilikotoka tangu mwanzo, siyo jina la mwisho peke yake.

*

MAMA WA MUSCAT

Assalaam alaykum. Mimi nipo Oman, nimenunua nyumba Tanga nikiwa huku huku.

Kwa tulio mbali, wakili ndiye macho yetu, na hati ya uwakala, ile ya kumruhusu mtu atende kwa niaba yako, ndiyo hatari yetu. Ndugu walinitaka nimpe binamu uwakala wa kununua, kuuza na kusimamia mali zangu zote. Wakili akakataa kuuandika hivyo. Aliuandika kwa nyumba ile moja, kwa kazi ya kununua tu, nami nikasaini mbele ya ofisa wa ubalozi wetu hapa Muscat. Binamu hakupendezwa, lakini undugu wetu umesalimika kwa sababu hiyo hiyo. Pesa nilituma kwenye akaunti yenye jina lile lile lililo kwenye hati. Nilipoambiwa "tuma kwa mwanawe, ni sawa tu", wakili alinipigia simu kunikataza.

Wenye kutaka Unguja au Pemba, fahamuni kwamba ardhi ya Zanzibar ina sheria zake na mawakili wake. Wakili wa Dar es Salaam akikwambia atakufanyia hata Zanzibar, muulize ameandikishwa kule?

*

MHASIBU ILALA

Mleta mada, suala la ada halijaguswa, nalo ndilo linalowafanya watu wakimbilie wakili wa dalali.

Ziko kanuni za malipo ya mawakili za mwaka 2015, hivyo usiogope kuuliza ada imekokotolewaje. Mimi niliomba barua inayotenganisha vitu: ada ya wakili peke yake, na gharama zinazopita tu mikononi mwake. Za pili ni uthamini unaothibitishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali, ushuru wa stempu ambao ni kama asilimia 1, ada za kibali na usajili, na kodi ya pango la ardhi inayodaiwa nyuma, ambayo muuzaji aimalize kabla. Zinazolipwa serikalini zina namba ya malipo ya serikali. Lipa mwenyewe kwa namba hiyo, risiti ibaki kwako.

Mkidaiwa asilimia 10 ya bei na ofisi ya serikali ya mtaa, muulize wakili wako akuonyeshe sheria yake. Wangu alimuuliza mwenyekiti wa mtaa hivyo hivyo, kwa upole, na hatukulipa.

Mwisho, kazi yake iishie wapi? Andikeni kwamba inaisha hati ikitoka kwa jina lako, na sehemu ya ada ilipwe siku hiyo. Kuna fomu namba 29, 30 na 35 za uhamisho, ambazo muuzaji azisaini siku ile ile ya mkataba na zikae kwa wakili. Jirani yangu fomu hazikusainiwa, muuzaji akafariki, na sasa anashughulika na warithi wake.

*

MLETA MADA

Nimesoma yote na mke wangu. Dalali nimeshamwambia tunakuja na wakili wetu, akauliza kwa nini nina haraka ya kutomwamini. Nimemjibu kwamba muuzaji naye aje na wake. Mwana Tabata, nimekutumia ujumbe, naomba lile jina.