Indibilis na Mandonius: mashujaa au vigeugeu?

Mleta mada:
Wakuu, pale Lleida, Katalunya, kuna sanamu ya shaba ya Indibilis na ndugu yake Mandonius, wakuu wa Wailergeti, kabila la Kiiberia la bonde la mto Segre. Wenyeji wanawaenzi kama mashujaa wa uhuru. Mimi naona hapo tumepigwa changa la macho. 218 KK wako na Karthago, adui wa Roma. 211 KK Indibilis anashiriki kummaliza jemadari wa Kirumi Publius Scipio. Cartagena, ngome ya Karthago huko Hispania, ilipoanguka 209 KK mikononi mwa mtoto wa marehemu, Scipio mdogo, wakahamia kwake! 206 KK ukazuka uvumi kwamba naye kafa, wakaasi. Vigeugeu ni nani kama si hawa?

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu, kipande chenyewe umekiruka. Mwanahistoria Polybius anasema Hasdrubal mwana wa Gisgo, jemadari wa Karthago, alimdai Indibilis, rafiki yake mwaminifu, fedha nyingi. Alipogoma akasingiziwa, akalazimishwa kutoa mabinti zake wawe mateka. Cartagena, walikowekwa mateka hao, ilipotekwa, mke wa Mandonius alimwangukia Scipio mdogo miguuni akilia. Scipio akadhani wanalia njaa, akaahidi chakula. Mama akamjibu kwamba shida yao si tumbo. Ndipo akaelewa: ni heshima ya wale mabinti. Wewe ungebaki na Karthago?

Mchangiaji wa pili:
Sawa, na 206 KK je? Scipio aliwashinda akawasamehe. Hakutaka mateka wala silaha, pesa ya mishahara ya jeshi tu. Mwaka uliofuata wamerudi na askari wa miguu 30,000. Tena msiniletee habari za fahali wawili na nyasi. Nyasi gani hizo 30,000?

Mchangiaji wa kwanza:
Hao ni pamoja na majirani, Waausetani na wengine. Na kumlipa mshahara askari aliyepiga kambi kwenye ardhi yako unaita "tu"? Angalia bili ya 205 KK, Indibilis akiwa kashafia vitani: kodi maradufu, nafaka ya miezi sita, mateka kutoka makabila kama 30, hadi majoho na toga za kuwavisha Warumi.

Mleta mada:
Hapo kwenye majoho umenipata, nakubali. Ila Mandonius hakukamatwa na Warumi, alikabidhiwa na watu wa upande wake mwenyewe, akauawa. Waliomkabidhi nao walimwona shujaa?