Kloridi ya alumini ni bondi ya ioni au kovalenti? Msaada kabla ya Jumatatu

Chumvi_Mawe: Wakuu, habari za usiku. Mdogo wangu wa kidato cha pili kaniuliza AlCl3 ina bondi gani. Ninavyojua mimi, metali inatoa elektroni, simetali inapokea, basi ni ioni. Yeye kang'ang'ania kovalenti, yaani atomu zinachangia elektroni. Naomba jibu fupi, usingizi hauji.

Mzee_Kobe: Bondi ninayoijua ni ya redio yangu, niliiweka 1998 na mpaka leo sijaikomboa.

Binti_wa_Maabara: Mdogo wako yuko sahihi. Angalia elektronegativiti, yaani nguvu ya atomu kuvuta elektroni, kwa kipimo cha Pauling: sodiamu 0.93, alumini 1.61, klorini 3.16. Chumvi ya mezani tofauti yake ni 2.23, hiyo ni ioni. Ya alumini ni 1.55 tu. Ioni ya Al3+ ni ndogo na ina chaji kubwa, hivyo inavuta wingu la elektroni za klorini mpaka zinakuwa za wote wawili. Chumvi haiyeyuki hadi nyuzi 801. Kloridi ya alumini kavu, kwenye nyuzi 180 hivi, inageuka mvuke moja kwa moja, molekuli zimeshikana mbili mbili, Al2Cl6.

Kipanga: Swali la mdogo wako linakunyimaje usingizi? Na Jumatatu kuna nini?

Chumvi_Mawe: Haya. Si mdogo wangu, ni mwanafunzi wangu. Nilimpa kosa, na mzazi wake anakuja Jumatatu. Lakini mwongozo wa kusahihisha unasema ioni, na alama nimeshaziingiza kwenye ripoti kwa wino. Halafu ikiwekwa kwenye maji si inapitisha umeme? Hiyo si ioni?

Binti_wa_Maabara: Kwenye maji inamenyuka na maji, ndipo ioni zinapatikana. Hata gesi ya haidrojeni kloridi ni kovalenti, na ikiingia majini inapitisha umeme.

Mama_Wawili: Mwalimu, alama ya mtoto ni amana. Mimi darasa la sita nilichapwa kwa jibu lililokuwa sahihi, na hesabu niliichukia tangu siku ile. Futa huo wino.

Kipanga: Wakuu, hii chai. Juzi mdogo, leo mwanafunzi. Mwalimu gani wa kemia asiyejua bondi?

Mzee_Kobe: Chai bila vitafunwa haishuki. Atupie picha ya karatasi.

Chumvi_Mawe: Si chai. Nilisomea biolojia na jiografia. Mwalimu wa kemia alihama, nikaambiwa nishike kipindi, ndiyo maana niliona aibu kusema mapema. Karatasi ya mtoto siiweki hapa. Ila nimeipitia tena sasa hivi, kuna swali jingine nililompa kosa. Haidrojeni floridi kaandika kovalenti. Nilitoa 2.20 ya haidrojeni kwenye 3.98 ya florini nikapata 1.78. Si imevuka 1.7, mpaka wa kuitwa ioni?

Kipanga: Nimeondoa neno langu, mwalimu.

Binti_wa_Maabara: Hiyo 1.7 ni ya kukadiria, si ukuta. HF ni molekuli, inachemka kwenye nyuzi 19.5. Ingekuwa ya ioni isingechemka kwenye joto dogo hivyo. Mrudishie na hiyo. Andika maswali yaliyobaki hapa, bila jina lake, tuyapitie usiku huu.

Chumvi_Mawe: Naandika.