Nyumba ya wageni inafungwa kwa masika: nimwage maji yote, au nijaze tangi na kutia klorini?

Mwenye Nyumba (Jambiani)
Assalamu alaykum. Nina nyumba ndogo ya wageni ambayo huifunga Aprili na kuifungua tena Juni. Maji yanavutwa kutoka kisimani hadi kwenye tangi la plastiki la lita 2,000 lililo juu ya mnara, kisha yanateremka mabafuni na kwenye hita mbili za umeme. Fundi mmoja amenishauri nimwage kila tone. Mwengine anasema nijaze tangi, nitie klorini na nifunge mlango. Naomba hoja za pande zote mbili.

Fundi wa Fuoni
Wa alaykum salaam. Mimi niko upande wa kumwaga. Bakteria wa Legionella, wanaoleta homa kali ya mapafu kwa anayevuta matone ya maji yenye bakteria hao, huzaliana katika maji ya joto la baina ya nyuzi 20 na 45 za Selsiasi, na hilo ndilo joto la mabomba yetu mwaka mzima, masika yakiwemo. Klorini uliyoitia siku ya kufunga haitafika Juni, kwani joto pamoja na uchafu uliomo ndani ya tangi huimaliza mapema, ukabaki na maji yaliyolala bila ya kinga yoyote. Anza kwa kuzima hita kwenye swichi kuu, maana koili ikiwaka bila maji huungua. Zima pampu, kisha fungua mfereji wa juu kabisa na wa chini kabisa ili hewa iingie na maji yatoke. Hita ikishakuwa tupu, itazame fimbo yake ya magnesiamu, ile inayoliwa na kutu badala ya hita yenyewe, kwa sababu maji ya visima vya mwambao wa mashariki yana chumvi na huila upesi.

Bi Mkubwa wa Nungwi
Kuhusu klorini sina ubishi nawe, fundi. Lakini tangi tupu juu ya mnara wakati kusi linaanza kuvuma silikubali, kwa kuwa kinachoyashikilia matangi mengi ni uzito wa maji tu. Mimi huacha maji ndani, na mlinzi hufungua mifereji yote kila wiki hadi maji mapya yatoke. Njia hii inategemea mlinzi mwenyewe; kama wako ni wa kuahidi tu, mfuate fundi.

Mpemba Ughaibuni
Mimi ni mtu wa Wete ninayeishi Norwei, na nina gari la kulala safarini lenye tangi na mabomba yake. Huku mjadala huu haupo: maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9 na kupasua bomba, kwa hiyo lazima yatoke yote kabla ya baridi. Wengine huyasukuma kwa hewa ya kompresa yenye nguvu ndogo, wengine hupitisha propilini glikoli, dawa ya kuzuia maji yasigande, wala si ethilini glikoli ya rejeta, ambayo ni sumu. Nyinyi hamna barafu, basi tone likibaki kwenye kona halivunji kitu.

Fundi wa Fuoni
Bi Mkubwa amesema kweli kuhusu upepo. Basi funga vali iliyo chini ya tangi, acha maji humo, umwage mabomba na hita peke yake. Tangi lifungwe kifuniko barabara, na tundu la kupumulia liwekewe wavu, kwani mbu wa Aedes anayeeneza dengi hupenda maji ya namna hiyo.

Mwenye Nyumba (Jambiani)
Nimeridhika na njia hiyo. Je, Juni nifanyeje?

Fundi wa Fuoni
Mwaga maji ya zamani, usugue tangi, ulijaze, kisha tia lita moja ya jiki ya asilimia 5 kwa kila lita 1,000. Toa vichwa vya mashawa ili maji yasitawanyike hewani kama mvuke, fungua mifereji hadi harufu ya klorini ifike kila chumba, uache yalale usiku kucha. Asubuhi yamwage mbali na bustani na karo, ujaze maji safi, na usiwashe hita mpaka imejaa.

Bi Mkubwa wa Nungwi
Na siku ya kufunga, mimina maji kwenye matundu ya sakafu ya bafu, halafu kijiko cha mafuta ya kupikia juu yake. Mafuta huzuia maji yasikauke upesi, na mende wa karoni hawapati njia ya kupanda ndani.