Aliyeniambia "kijana wangu, kalale" leo ameamini tambi zinaota mtini

Wakuu, sina salamu. Salamu nitatoa kesho nikipoa.

Mnamjua. Sitamtaja na wala hakuna haja, kila mtu humu ameshawahi kusahihishwa naye. Ni yule ambaye ukisema mvua inanyesha, anakuomba chanzo. Jana usiku kwenye grupu letu la habari za ajabu, mbele ya watu zaidi ya 200, ameniambia: "Kijana wangu, kalale."

Kijana wangu. Kalale.

Kosa langu ni nini? Nilileta kisa cha Australia kupigana na ndege. Kisa cha kweli, cha mwaka 1932. Wakulima wa Australia Magharibi, wengi wao askari waliorudi kutoka Vita Kuu ya Kwanza, walivamiwa na emu kama 20,000 kwenye mashamba ya ngano. Emu ni lile lidege refu lisiloruka, linalofanana na mbuni. Serikali ikapeleka jeshi. Jeshi kabisa, wakuu! Meja Meredith, askari wake wawili, bunduki 2 za rashasha na risasi 10,000. Emu wakisikia mlio wanatawanyika vikundi vikundi, hujui umfuate yupi. Wakafunga bunduki juu ya lori wawafukuze, lori likarukaruka hadi mpigaji akashindwa kulenga, na ndege wakaliacha lori nyuma. Desemba jeshi likarudi kwao, emu wakabaki na ngano. Haya yote niliyaandika kwa kidole kimoja, karibu saa nzima, chai ikapoa.

Yeye hakufika hata mstari wa pili. "Ndege hawawezi kulishinda jeshi. Kijana wangu, kalale." Akaweka na vile vikatuni vya kucheka hadi machozi, sita. Nimevihesabu. Asubuhi nimevihesabu tena. Sita.

Mimi nina watoto wanaoniomba ruhusa ya kutoka! Halafu kalale, saa 2 usiku! Muda huo hata kuku bado wanagombania nafasi bandani.

Sasa sikieni ya leo, ndiyo iliyonileta hapa mkono ukitetemeka. Leo huyo huyo katuma picha ya watu wanachuma tambi juu ya mti, kaandika: "Maumbile yana maajabu. Uswisi wanavuna tambi. Mjifunze."

TAMBI. MTINI.

Wakuu, ile ni ya BBC, kipindi cha Panorama, tarehe 1 Aprili 1957. Siku ya Wajinga! Dakika 3 hivi za familia ya kusini mwa Uswisi inachuma tambi matawini na kuzianika juani. Waingereza wakapiga simu kuuliza mti huo unapandwaje. Hao nawasamehe kabisa, enzi hizo wengi wao tambi walikuwa hawazijui vizuri, na aliyesoma maelezo ni Richard Dimbleby, mtangazaji waliyemwamini kama mzazi. Huyu wetu ana intaneti kiganjani, na tambi anazijua, anazila! Emu aliye hai, aliyejadiliwa hadi bungeni kwao, hamwamini. Mti wa tambi anauamini.

Na hakuna aliyemwambia akalale! Hata mmoja! Wamemwekea dole gumba.

Nataka aniombe radhi mbele ya watu wale wale, kwa herufi kubwa.

Bundi wa Mchana: Pole sana mkuu. Ila kwa kijana, saa 2 usiku si mbaya.

Kifuniko: Mleta uzi punguza povu, simu yangu imelowa.

Mzee wa Vyanzo: Tuwe wakweli. Meja aliripoti emu 986 waliouawa kwa risasi 9,860. Jeshi halikushindwa kihivyo.

Mleta uzi: Risasi 10 kwa kila ndege, haizidi wala haipungui, na wewe umeikubali hesabu hiyo? Hata tukiikubali, hao 986 ni wangapi kati ya 20,000? Na unanisahihisha kwenye uzi wangu mwenyewe? Wewe ndiye yeye?

Mzee wa Vyanzo: Kijana wangu...

Mleta uzi: MNAONA?

Mama Kiraka: Afadhali wako anaandika. Wangu anatuma sauti ya dakika 9 kueleza habari ya mistari miwili, na juu anaweka "hutaamini kilichotokea". Nimesikiliza yote natafuta kilichotokea. Paka kapanda basi peke yake. Dakika 9!

Tango Pori: Mimi alinichafulia kuku Mike. Marekani, Colorado, 1945, kuku kakatwa kichwa akaishi miezi 18. Shoka lilimwachia shina la ubongo, mwenye kuku akawa anamlisha kwa matone, moja kwa moja kooni. Nikaandika vizuri kabisa. Jamaa kajibu: "Naamini, maana hata wewe unaishi hivyo." Wiki nzima sijakaa sawa.

Kifuniko: Sasa hapo si alikubali kisa chako?

Tango Pori: Toka hapa.

Nyota Jaha: Samahani wakuu nimechelewa. Hizo mbegu za tambi zinapatikana wapi?

Mleta uzi: HAKUNA MBEGU. SOMA UZI.

Bundi wa Mchana: Inasimuliwa BBC waliwajibu wapigaji simu kwamba uchomeke kijiti cha tambi kwenye kopo la sosi ya nyanya, uombe heri.

Nyota Jaha: Asante mkuu, umenijibu kiungwana. Kumbe hata mbegu haihitajiki.

Jembe Butu: Nyie mna nafuu. Mimi nilitolewa grupu kwa kumtetea pweza Paul, yule wa Ujerumani aliyetabiri mshindi wa mechi kwa kuchagua chakula kwenye moja ya masanduku mawili yenye bendera za timu. Kombe la Dunia 2010, mechi 8 kati ya 8! Wananiambia bahati. Bahati mara 8?

Kifuniko: Taja na Ulaya 2008 basi. Fainali aliwapa Ujerumani, Torres akafunga, Hispania 1-0.

Jembe Butu: 2008 alikuwa pweza mdogo. Na wewe mwaka huo ulikuwa unajua nini?

Tango Pori: Alikuwa anafuata mistari ya bendera tu, hamna utabiri pale.

Jembe Butu: Ujerumani mistari, Hispania mistari. Nusu fainali 2010 kati yao alipatiaje?

Mleta uzi: Jamani turudi kwenye mada. Aliniambia KALALE. Mbele za watu.

Mama Kiraka: Paul alikufa Oktoba 2010, mwacheni marehemu.

Kifuniko: Tutamwacha vipi wakati 2008 hajaijibu?

Jembe Butu: Mkuu naona unataka kesi. Leta mechi zake zote za 2008 hapa, moja moja, leo hatulali.