Naomba ushauri: maandishi ya chini ya skrini (subtitles) ya Blind Justice yanachelewa

Wakuu, naombeni msaada. Natafsiri Blind Justice, tamthilia ya polisi ya New York iliyorushwa na ABC mwaka 2005, vipindi 13 tu. Ron Eldard ni mpelelezi kipofu, Jim Dunbar. Ilistahili maisha marefu zaidi!

Faili la maandishi ni la fremu (picha) 23.976 kwa sekunde, video ni ya 25. Mwanzoni yanaenda sawa, ila kufikia dakika ya 40 yamechelewa kama sekunde 100. Dunbar husoma watu kwa sauti zao, kwa hiyo maneno yakichelewa mahojiano yote yanaharibika. Kuzidisha muda kwa 0.959 kunatuliza, lakini kila penye pengo la matangazo yanaruka tena sekunde mbili.

Nikate faili vipande, nisogeze kimoja kimoja? Au kuna njia bora?